Barua kwa Tanti Stella

Ujumbe wa sauti uliingia Jumapili saa saba mchana. Tulikuwa tumerudi kutoka misa ya pili, mama yuko jikoni anasonga ugali, baba amekaa mlangoni na koti lake la sufi anasoma matangazo ya ndoa aliyoyaandika mwenyewe na kuyasikia yakisomwa kanisani saa moja iliyopita. Namba ilianza na 225. Hiyo ni Abidjan, kule Afrika Magharibi, na huko sina mtu mwingine zaidi ya mdogo wangu Erica.

Shirika la masista lilimpeleka huko miaka mitatu iliyopita kwa malezi ya utawa. Mwaka mmoja baadaye aliacha. Hakurudi. Tulisikia anafanya kazi kwa mama mmoja anayeuza chakula, basi. Tangu hapo baba hakulitaja jina lake, na pale kwetu, nyuma ya misheni, ambako kila nyumba ina padri au sista ukutani kwenye fremu, majirani nao walitusaidia kutolitaja.

"Fidelia, ni nani huyo?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Ni mwanamke. Anaongea Kifaransa."

"Si ndiyo lugha yako? Weka kwa sauti tusikie wote."

Niliweka. Sekunde arobaini na nane. Sauti nzito ya mwanamke mwenye haraka, nyuma yake masufuria, pikipiki, mtoto analia. Ulipokwisha, baba na mama walikuwa wananitazama mimi, wakingoja, kama watu wanaongoja chenji.

Naomba nieleze vizuri. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, sekondari, Makambako. Nina diploma. Katika mwaka wetu chuoni hakuna aliyenishinda kuandika insha. Naweza kumwandikia waziri barua ya kuomba kazi akanipa kazi kwa ajili ya sentensi ya mwisho tu. Na katika sekunde zile arobaini na nane niliambulia mambo manne: hospitali, mguu, kukata, baba.

"Anasemaje?" mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

"Mtandao unakatakata," nilisema. "Ngoja nitoke nje."

Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Nilisimama kwenye uzio wa miparachichi, simu sikioni, nikausikiliza ujumbe ule mara saba. Mwanamke yule hakuwa amesoma kitabu changu. Alimeza nusu ya maneno na nusu nyingine akaiunganisha. Mimi nilifundishwa kusema "sijui" kwa maneno manne, kila moja limevaa shati na kuchomekea. Yeye alilitoa kama chafya: *shepa*. Kukanusha alikanusha nusu nusu, anakuachia nusu iliyobaki uikisie. Mara ya tano ndipo nilipoanza kuona njia. Mara ya saba nilikuwa nimeelewa, na nilitamani nisingeelewa.

Niliingia ndani nikawaambia. Erica aligongwa na pikipiki wiki mbili zilizopita. Kidonda kimeoza. Daktari anataka kuukata mguu na Erica anakataa. Anasema hakatwi kiungo chake hadi asikie baba yake ameridhia. Huyu mama anayekaa naye, Tanti Stella, anaomba baba aseme. Aseme upesi, maana homa imepanda.

Mama alikaa chini kwenye sakafu ya saruji, palepale, na mwiko wake.

Baba alikunja matangazo mara mbili, akayatia mfukoni. "Aliponiarifu kwamba ameacha utawa," alisema taratibu, "aliniarifu kwa simu. Kama mtu anayeagiza mbolea. Mpaka leo sijapokea barua."

"Tarsis!" mama alisema. "Mtoto anaoza!"

"Nimesema nini? Nimekataa? Nitasema. Lakini nitasema kama baba anavyosema."

Mnapaswa kumjua mzee Tarsis. Amekuwa katibu wa halmashauri ya parokia miaka ishirini na miwili. Posa zetu, kesi za mipaka ya mashamba, hata maombi ya kuazima mabenchi ya kanisa, vyote vimepita kwenye kalamu yake. Kwake neno la mdomo ni la sokoni. Jambo zito lina tarehe, lina kichwa, lina saini. Na si yeye peke yake. Ukienda kumwona mtendaji wa kijiji chetu huku unalia, atakusikiliza, atakupa pole, kisha atakuambia: kaandike.

Nilijaribu kwanza kupiga simu, ni kweli. Tanti Stella alipokea. Nilimsalimu kwa heshima zote, nikamwomba, kama angekuwa na wema huo, apunguze kasi ya mazungumzo.

"Halo? Nani?" alisema. "Wa ofisi gani?"

Nikajieleza. Sentensi yangu ilikuwa ndefu na haikuwa na kosa. Alianza kujibu harakaharaka, nikapotea kabisa, nikamwomba radhi kwa sentensi nyingine ndefu zaidi. Akakata.

"Unaona?" baba alisema. "Mdomo hauna adabu. Leta karatasi."

Basi aliniamuru, nami nikaandika. Alisema kwa Kiswahili chake cha ofisini, nami nikakigeuza kuwa Kifaransa palepale, na nakiri: nilifurahia. Mdogo wangu analala na mguu unaonuka, na mimi nilikuwa mezani natafuta neno zuri zaidi. Baba alisema "Yah: Ridhaa ya mzazi", nikaandika *Objet : consentement paternel*. Alisema "Ninayo heshima kukujulisha", nikaandika *J'ai l'honneur de porter à votre connaissance*, na kalamu iliteleza kama imepakwa mafuta. Jina la Erica tuliliandika kwa herufi kubwa, na tarehe yake ya kuzaliwa, na namba ya pasi yake ya kusafiria, ili kusiwe na utata. Kabla ya aya ya nne baba alisimama, akaenda mlangoni, akarudi. Kisha alisema, "Andika kwamba nimemsamehe." Nikaiandika kwa namna ambayo hata askofu angeinamisha kichwa. Nikafunga kwa kumwomba Tanti Stella apokee hisia zetu za heshima ya pekee.

Jumatatu asubuhi nilikwenda Njombe mjini. Nilichapisha barua kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na soko, nikarudi kijijini, mtendaji akaigonga muhuri wa zambarau, baba akatia saini juu ya muhuri. Nikaipiga picha. Nikaituma Abidjan saa nane mchana.

Tiki mbili. Zikageuka buluu.

Tulikaa wote watatu tunaitazama simu mezani. Mama alikuwa anasali rozari bila sauti, midomo tu. Baada ya dakika kama nne, picha ya Tanti Stella, ile aliyovaa kitambaa cha njano kichwani, ilitoweka. Pakabaki duara la kijivu.

Niliandika: *Madame ?* Tiki moja. Niliandika tena. Tiki moja.

"Inamaanisha nini?" mama aliuliza.

"Ametufungia," nilisema.

Nilichukua simu ya mama, nikapiga kwa namba yake. Alipokea. Nilisema, "Habari za mchana, bibi, najiruhusu kuwasiliana nawe kuhusu…" Sikumaliza. Alikata, na namba ya mama nayo ikafungiwa.

Jumanne hakuna. Nilituma meseji za kawaida, nikatafuta namba ya hospitali, lakini hospitali ipi? Abidjan ina hospitali kama Njombe ilivyo na mbao. Niliandika kwa masista wa shirika. Walijibu kwa upole kwamba Erica hayuko chini yao tena na kwamba wanamwombea. Baba alizunguka nyumba akikagua vitu visivyohitaji kukaguliwa. Jioni alisema, "Labda hawajaridhika na muhuri. Tungepeleka wilayani." Mama alimtazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akimgeuzia mgongo mumewe wakati anaongea.

Jumatano nilirudi Makambako kazini, kwa sababu nilikuwa na vipindi na kwa sababu nisingeweza kukaa tena katika nyumba ile. Niliingia Kidato cha Pili. Ubaoni kulikuwa na mazungumzo ya wiki iliyopita: Bwana Fulani anamuuliza Bibi Fulani hali yake, Bibi anajibu kwamba hali yake ni nzuri sana, anashukuru. Nikawaambia wasome kwa pamoja. Walisoma, watoto arobaini na wawili, kwa sauti moja, kila silabi imesimama wima.

"Madamu," akasema msichana mmoja wa mbele, "huko kwao wanaongeaga hivi kweli?"

Mimi ndiye mwalimu ninayewakatia maksi wanaosema "wanaongeaga". Nilifungua mdomo nimkosoe. Badala yake nilitoka darasani.

Alhamisi, saa sita, nilikwenda yanakoegeshwa malori, barabara ya Tunduma. Makambako ni njia panda. Mizigo ya Kongo na ya Zambia inapita hapa usiku na mchana, na madereva hulala, hula, huosha nguo. Nilipita kwa mama lishe mmoja baada ya mwingine nikiuliza: yupo Mkongo wa kunisaidia Kifaransa? Wengi walikuwa wa Lubumbashi. Walinijibu kwamba Kifaransa wanakijua ila nyumbani kwao ni Kiswahili, nikitaka mtu aliyenyonya Kifaransa cha mtaani nimtafute Remmy, wa Kinshasa, yule pale anayepaka grisi.

Remmy alikuwa mtu mnene, mwenye umri wa baba mdogo, kaptula na soksi ndefu. Nilimsalimu kwa Kifaransa. Alisikiliza hadi mwisho, akaifuta mikono yake, akamgeukia mwenzake.

"Simama vizuri, weye," alimwambia. "Mahakama imeingia."

Wakacheka. Nikaanza kulia. Akaacha kucheka mara moja, akanivutia ndoo nikae.

"Pole, mwalimu. Ni mchezo. Sema kwa Kiswahili. Kuna nini?"

Nilimpa simu. Alisikiliza ujumbe wa Tanti Stella mara moja, mara moja tu, akiitikia njiani "ee… ee… masikini", kama mtu anayesikiliza jirani yake. Ule ujumbe ulionichukua mara saba. Kisha nikamwonyesha picha ya barua.

Alisoma kichwa. Akasoma mistari miwili. Akanitazama.

"Weye njo uliandika hii?"

"Mimi. Baba aliamuru."

"Mwalimu, hii ni barua ya procureur, ya mtu wa kushitaki watu. Sikiliza. Huyu mama anauza chakula. Mtoto wenu ana karatasi za kukaa kule?"

Nilifikiri. "Alizopewa na shirika. Zitakuwa zimeisha."

"Zimeisha. Na yeye amemficha miaka miwili ndani ya nyumba yake. Halafu siku moja inaingia mu telefone karatasi. Iko na muhuri. Iko na jina lote, mwaka wa kuzaliwa, numero ya paspoti. Inasema 'nina heshima kukujulisha'. Kwetu karatasi ikikwambia ina heshima, unafunga duka, unakimbia. Huyu mama hakufika chini. Hakuna mtu anafika chini."

"Chini ndiko kuna msamaha," nilisema. "Aya ya nne."

"Aya ya nne!" alisema Remmy, akashika kichwa.

Nilikuwa bado nimekaa juu ya ndoo baba alipotokea. Mama, niliyempigia simu asubuhi, ndiye aliyemwambia nitakuwa wapi. Amesafiri kutoka kijijini peke yake, kofia kichwani, na mkononi ameshika bahasha ya kaki. Nilijua kilichomo kabla hajasema.

"Nimeandika nyingine," alisema. "Fupi. Kurasa mbili."

Remmy alimwamkia kwa heshima, "Shikamoo, papa", akamletea kiti cha plastiki. Nilimweleza baba kilichotokea. Sikupunguza kitu. Aliposikia kwamba yule mama alidhani ni polisi, alitazama bahasha yake, akaigeuza, akatazama upande wa pili kana kwamba kosa limeandikwa huko.

"Tutafanyaje sasa?"

"Mimi nitamuita kwa namba yangu," Remmy alisema. "Nitaongea naye kama watu. Halafu weye, papa, unaongea na mtoto."

"Kifaransa sikijui."

"Na mtoto, alizaliwa mu Kifaransa?"

Lori lilikuwa linarudi nyuma likipiga honi, mtu anapiga kelele njoo, njoo, njoo. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Tangu Jumapili. Tangu Jumapili saa saba, kilichohitajika ni baba kuinamia simu na kusema maneno matatu kwa lugha aliyomlelea Erica, na Tanti Stella kuiweka simu ile sikioni pake. Hakukuwa na haja ya tafsiri. Hakukuwa na haja yangu hata kidogo.

Remmy alipiga. Alipokea mwanamke, sauti ya woga. Sikufuata yote, lakini nilisikia Remmy akimwita *la vieille*, dada mkubwa, akilalamika juu ya joto, akimtania kuhusu wali, akicheka, mpaka nikataka kumnyang'anya simu, tulikuwa na dakika za kupoteza kwa wali? Kisha sauti ya upande wa pili ikalegea. Ikaanza kumwagika. Remmy akainua mkono tunyamaze.

"Yuko hospitali pamoja naye," alinong'ona. "Mtoto hajakubali. Huyu mama alimwambia juu ya karatasi, mtoto akauliza, 'Baba amesema?' Akajibu hapana, ni serikali imesema. Papa, chukua. Chukua!"

Baba aliishika simu kwa mikono miwili. Alivua kofia. Alikohoa, na kwa sekunde moja mbaya nilidhani atasema "Ndugu".

"Kamwene, Erica," alimsalimu.

Kisha akaendelea kwa Kibena, kile cha jikoni, ambacho sijamsikia akikitumia tangu bibi azikwe. Alimwambia mama yako hajambo. Alimwambia ng'ombe mwekundu amezaa. Alimwambia wakate, mwanangu, wakate, uje hivyo hivyo, mimi nitakubeba, nilikubeba ukiwa na miguu miwili isiyojua kutembea. Sauti ilipasuka hapo. Hakuificha. Madereva waliacha kula.

Simuni kikatoka kitu kidogo, kikavu, kama jani: "Baba." Na baada ya pumzi mbili: "Ee, baba." Basi. Tanti Stella alichukua simu, akasema jambo upesi, laini ikakatika.

Tulingoja. Remmy alitakiwa awe ameondoka tangu saa saba, lakini hakuondoka. Saa kumi kasoro uliingia ujumbe wa sauti, na yeye akanipa simu mimi.

"Sikiliza weye. Mwanamke amezoea, anaongea polepole sasa."

Hakuwa anaongea polepole. Alikula maneno kama siku ile, aliunganisha kama siku ile, alichafya *shepa* yake mara mbili. Nilielewa kila kitu, mara ya kwanza.

"Anasemaje?" baba aliuliza.

Nilikuwa na maneno mengi. Ningeweza kumpambia. Ningeweza kusema mtandao unakatakata.

"Amekubali. Ameingia chumba cha upasuaji saa moja iliyopita. Tanti Stella ameketi mlangoni. Anasema homa ni kubwa, daktari haahidi chochote. Anasema daktari amekasirika. Jumatatu asubuhi angekata chini ya goti. Sasa anakata juu."

Baba alifikiri kidogo, kama anavyofikiri anapohakiki tarehe.

"Jumatatu ndiyo tuliyokwenda kugonga muhuri."

"Ndiyo, baba."

Aliichukua simu ya Remmy kutoka mkononi mwangu, akabonyeza kile kipaza sauti alivyoona mimi nikibonyeza, akaisogeza mdomoni ili amwambie mwanawe kitu atakachokikuta akizinduka. Midomo yake ilisogea. Hakikutoka kitu. Kidole kikateleza, na ujumbe ukaenda: sekunde kumi na moja za breki za malori na pumzi za mzee.

"Nimeharibu," alisema. "Futa."

Sikufuta. Tiki zilikuwa mbili tayari.